Kata Ile Ile, Mwili Mwingine

Kwa miezi minne nilimlaumu Zaituni bure. Zaituni ni msaidizi wangu katika darasa la karate la wasichana ninaloliendesha hapa Dunda, Bagamoyo, na jioni moja tukiwa kwenye mazoezi ya kupigana wawili wawili ngumi yake ilinipata kifuani, upande wa kushoto. Haikuwa ngumi ya kulalamikia. Siku chache baadaye, nikiwa naoga, nikagusa kitu kigumu mahali palepale, ukubwa wa kokwa ya tende, nikasema moyoni, huyu binti ana mkono mzito kweli.

Sisi watu wa karate ndivyo tulivyo. Kila uvimbe mwilini tuna jina la mtu wa kuupa. Huu wa gotini ni wa fulani, kovu hili la kwenye nyusi ni la fulani, na tunayasimulia kwa fahari hata pasipo na wa kuuliza. Basi nikawa nauchua uvimbe wangu kwa mafuta ya karafuu asubuhi na jioni, nikisubiri uondoke. Vuli ikanyesha ikaisha, joto la kaskazi likaingia, kokwa ya tende ikawa ndimu, na mimi bado namtania Zaituni apunguze ugali. Kama kuna jambo moja tu utakalolichukua katika maandishi haya, dada yangu, basi liwe hili: uvimbe usioisha baada ya wiki mbili tatu usiupe jina la mtu. Upeleke kwa daktari.

Mimi ni fundi cherehani, umri wangu miaka arobaini na minne. Mume wangu, Hamadi, ni fundi wa injini za boti. Karate nimeianza nina miaka kumi na mitano, mikononi mwa Sensei Shomari, ambaye siku hizo alikuwa akiishi hapahapa mjini kabla ya kuhamia Dar. Sensei ndiye mwalimu, na kwa Shomari neno hilo lilikuwa na uzito wake. Naandika haya kwa sababu kipindi kibaya kimepita, alhamdulillahi, na kwa sababu nilipokuwa kwenye benchi la hospitali nilitamani mtu aniambie yale madogomadogo ambayo daktari hana muda nayo. Ya kitaalamu sitayagusa. Wenye nayo wapo, waulizeni, na msikubali kufukuzwa kabla hamjaelewa.

Daktari wa Dar aliponiambia kuwa ni saratani ya titi, nilimjibu "Osu." Ndilo jibu letu darasani kwa kila kitu: nimesikia, nimekubali, nitafanya. Mwalimu akikwambia rudia mara hamsini, unasema osu. Akikwambia umekosea, osu. Daktari akaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili, na Hamadi akanishika mkono akidhani naanza kuzimia. Nilicheka kidogo, kisha nikalia hadi ushungi ukalowa.

Titi likaondolewa kabla ya masika, pamoja na tezi za kwapani. Mama yangu alikuja kunikalia nyumbani, na kabla hata hajaweka mkoba wake chini akatoa amri. "Watu wakiuliza, sema ulikuwa na jipu. Jipu la kawaida. Usimwambie mtu, mwanangu. Watu wana macho."

Nisimsingizie mama peke yake. Amri yake nilikuwa naitaka. Yeye alihofia kijicho na maneno ya mtaani, mimi nilihofia darasa langu. Nilikuwa na wasichana kumi na wanne, wengi wao nimewapata baada ya kuwabembeleza wazazi mlango kwa mlango, nikiwaahidi kwamba binti atajifunza kujilinda na adabu yake itabaki palepale. Nilijiambia kwamba siku watakayosikia mwalimu ana kansa, kila mmoja atamchukua mwanawe. Mungu anisamehe, katika miezi ile niliogopa kulipoteza darasa kuliko nilivyoogopa kufa. Kufa sikukujua. Darasa nilikuwa nalijua.

Basi hata Zaituni nikamwambia ni jipu. Kwake nilikuwa na sababu nyingine. Nilijua nikimwambia ukweli atakumbuka ile ngumi.

Dripu za dawa ya saratani zilikuwa sita, moja kila baada ya wiki tatu, na mimi miezi ile siikumbuki kwa majina yake. Naikumbuka hivi: ya kwanza ilikuwa masika imepamba moto na barabara imejaa maji, ya tatu ilikuwa wiki ya Idi, ya sita kipupwe kimeshaingia na asubuhi nilivaa sweta. Kule hospitali hakuna mambo ya kuita namba. Mnakaa kwenye mabenchi marefu, na mmoja akiingia kwa daktari wote mnasogeza makalio nafasi moja. Ukienda chooni bila kumwachia jirani neno, ukirudi unaanzia nyuma. Nilijifunza kuwa na jirani.

Jirani yangu alikuwa Bi Mwajabu, mama wa makamo ya mama yangu, mkulima wa Lugoba. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba mwanangu, umekuja kufanya nini hapa na ujana wako?" kwa sauti ya kumwamsha mgonjwa wa wodi ya pili. Alibeba chupa ya chai iliyojaa vipande vya barafu ya ukwaju. Dripu inakuchubua mdomo mpaka maji yanachoma, na ile barafu ukiimung'unya taratibu unapata nusu saa ya kuwa mtu. Alinigawia bila kuulizwa. Tangu hapo na mimi nikawa nagandisha yangu nyumbani na kuibeba, na wewe nakushauri ufanye hivyo hivyo.

"Kwenu wanajua?" nilimuuliza siku moja kwa sauti ya chini.

"Mie? Nimewambia kijiji kizima. Hata mbuzi wangu wanajua." Akanitazama. "Wewe umeficha?"

"Nina darasa, mama. Nafundisha karate."

"Kupigana? Haa! Basi simama umpige yule anayegawa mafaili, anatuchelewesha." Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka. "Kuficha nako kunachosha, mwanangu. Una mizigo miwili, utue mmoja."

Sikuutua. Nilikuwa na ushungi wa kuficha nywele zilizokwisha na wanja wa kuchora nyusi. Kucha zilipogeuka nyeusi, jirani yangu wa mlango wa pili alinisifia kwamba nimepaka piko zuri, akauliza nani kanipaka. Nilimtajia jina la binti mmoja wa mtaa wa tatu. Mpaka leo sijui kama alimwendea.

Kilichonishinda kukificha ni miguu. Kuanzia dripu ya nne nyayo zilianza kufa ganzi, kwanza vidole, kisha wayo mzima. Siku moja nilitoka kwa jirani nikatembea hadi kwangu na ndala moja. Nyingine ilibaki mlangoni kwake, na mimi sikujua mpaka nilipotazama chini. Kwenye cherehani nilikuwa nakanyaga bila kujua nimekanyaga kwa nguvu gani, sindano inakimbia kama imepata kichaa. Kwa mtu wa karate, mguu ndio kila kitu. Tunafanya mazoezi pekupeku ili wayo uijue sakafu. Mimi sakafu ilikuwa imenikimbia.

Na mkono wa kushoto nao ukavimba, kwa ajili ya zile tezi zilizoondolewa. Ulihitaji kufungwa bandeji ya kubana kila asubuhi, kuanzia vidoleni hadi begani, na peke yako huwezi. Hapa inabidi nimseme Hamadi, mabaya na mazuri. Baada ya operesheni alihamia kulala sebuleni, akisema hataki kuniumiza usingizini. Nilijua ni uongo. Hakuweza kunitazama nikibadili nguo. Tulikaa hivyo wiki sita, tukiongea habari za mboga na umeme tu, na nilikuwa na hasira naye ambayo sikujua pa kuipeleka. Asubuhi moja alinikuta naivuta ile bandeji kwa meno. Akakaa kitandani, akaichukua, akaanza kunifunga kwa kunikaza kama anafunga bomba linalovuja.

"Taratibu, Hamadi. Siyo injini hii."

"Injini ingekuwa imeshanieleza panapouma," alisema. Kisha akalia, yeye Hamadi, ambaye hata kwenye msiba wa baba yake sikumwona akilia. Usiku ule alirudi chumbani. Mpaka leo yeye ndiye anayenifunga, na amekuwa hodari kuliko wauguzi.

Mionzi ilinipeleka Dar wiki tano, nikikaa kwa wifi yangu Tegeta. Dakika chache kila siku, na siku nzima ya kuzisubiri. Ngozi ya kifua iliungua ikawa kama ukoko wa wali. Lakini pale hospitali ndipo nilipokutana na dada wa mazoezi ya viungo, binti mdogo mwenye sauti ndogo, aliyenisimamisha mbele ya ukuta na kuniambia nipandishe vidole juu kidogo kidogo, kisha akaweka alama ya penseli pale vilipokomea. Kila siku alama. Mwisho wa wiki ya tano alama zilikuwa zimejazana mahali pamoja, usawa wa nyusi zangu, na haziendi tena.

"Labda utapanda zaidi baadaye," alisema. "Labda hautapanda. Unauhitaji wa nini?"

Nikamweleza kuhusu kata. Kata ni mfuatano wa mapigo na kinga unaoufanya peke yako, kana kwamba maadui wamekuzunguka, na kila hatua imepangwa tangu zamani. Katika kata ya kwanza, ile anayofundishwa kila anayeanza, unakwenda mbele kwa kinga za juu tatu: mkono wa kulia, wa kushoto, wa kulia tena, kila mmoja ukipanda hadi juu ya paji la uso. Mara tu baada ya hapo mguu wa nyuma unazungushwa robo tatu ya duara, unageuka na kukutana na adui aliye ubavuni kwako. Nikamwambia mkono wangu wa kushoto, ule wa kinga ya kati, haufiki, na mguu wangu sijui unatua wapi.

"Hiyo kinga ya juu kazi yake nini?"

"Kuzuia pigo lisinifike kichwani."

"Sasa kama mkono haupandi, si ushushe kichwa?"

Alisema vile huku anaandika kwenye faili, hata hakuniangalia. Miaka ishirini na tisa ya karate, na mtu asiyejua hata kufunga mkanda ananifundisha.

Lakini kusikia ni jambo moja na kufanya ni jingine. Kwa Sensei Shomari kata ilikuwa haiguswi. Nikiwa msichana aliwahi kunirudisha mwanzo alasiri nzima kwa sababu ya kidole gumba kilichokaa vibaya. "Kata si yako," alikuwa akisema. "Umeazimwa. Irudishe kama ulivyopewa." Kuibadilisha kwa makusudi niliona kama wizi. Niliwaza hilo siku kadhaa, mpaka alasiri moja, nimekaa kwenye kiti nyumbani kwa wifi yangu nikisali, kwa kuwa kusujudu kulikuwa kunanivuta kovu, nikajishangaa. Sifananishi ibada na michezo, astaghfirullah. Ila nilikuwa nimesali kwenye kiti kwa miezi, na haikunipitia kichwani hata siku moja kwamba ile si sala.

Nilirudi darasani vuli ilipoanza. Wakati wa dripu nilikuwa nakwenda siku moja moja nikiwa na nafuu, nakaa kwenye kiti, nahesabu tu. Sasa nikasimama mbele. Msimamo wangu niliufupisha, kwa sababu nyayo zisizohisi haziwezi kubeba hatua ndefu. Ngumi ya kushoto niliiacha legevu kwa ajili ya uvimbe. Ule ukelele wa nguvu unaotolewa pamoja na kinga ya tatu niliutoa nusu, maana kifua kilikuwa bado kimekazana. Mkono wa kushoto ulipokomea kwenye nyusi, nilikunja magoti nikakishusha kichwa chini yake. Na kabla ya kugeuka, nilitupa jicho chini kuuona mguu wangu wa kushoto uko wapi, kisha ndipo nikauzungusha.

Ilikubali. Sitasahau jioni ile ya kwanza nilipofika mwisho wa kata bila kuanguka. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti, wasichana nyuma yangu wakadhani ni sehemu ya mafunzo, nao wakasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, na sikushtuka. Katika kata mwalimu husimama mbele, mgongo kwa wanafunzi, nao humfuata. Mimi nilikuwa nawaonyesha mara mbili, nachoka, natoka nje kupumzika, Zaituni anaendelea nao. Na darasani kwetu mwanafunzi hamuulizi mwalimu kwa nini. Anatazama, anafanya.

Wakati huo vipimo vilikuwa vinarudi vizuri. Nywele ziliota laini, zimejikunja, si zile zangu za zamani. Ganzi ikaanza kupungua, nikawa nahisi joto la sementi, kisha mchanga, kisha tofauti kati ya zulia na mkeka. Masika ikaja ikapita bila dripu hata moja. Kipupwe kilipoingia, Sensei Shomari akapiga simu kusema anakuja kuwapa wasichana mtihani wa mkanda. Naye nilimwambia jipu.

Alifika Jumamosi asubuhi. Ni mzee sasa, miguu imempinda kidogo, lakini mkanda wake mweusi uliochakaa hadi kuonyesha uzi mweupe bado unatisha. Wazazi walikaa kwenye mabenchi ukutani. Mama yangu alikuwa mstari wa mbele, kajitanda kanga mpya. Mimi nikaketi mezani kando ya Sensei, nikiwatazama wasichana wangu uso kwa uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nirudi kufundisha nimesimama.

Zaituni akahesabu. Wasichana kumi na wanne wakaenda mbele. Kinga ya kwanza, mikono kumi na minne ikapanda vizuri. Kinga ya pili, mikono kumi na minne ikakomea kwenye nyusi, na vichwa kumi na vinne vikashuka chini yake. Ya tatu, ukelele nusu. Kisha, kwa pamoja, bila hata mmoja kukosea, wote kumi na wanne wakatazama mguu wa kushoto, wakatulia kidogo, wakageuka.

Hata kwenye gwaride sijaona watu wakiwa sawa namna ile. Mwili wangu mgonjwa ulikuwa mbele yangu mara kumi na nne, wasichana wenye afya wakiurudia kwa bidii.

"Simama!" Sensei akapiga meza. "Nani kawafundisha kutazama chini?"

"Sensei wetu! Osu!" wakajibu kwa fahari.

Akamgeukia Zaituni. "Na wewe msaidizi hukuona?"

"Niliona, Sensei. Nilidhani ni mtindo mpya umetoka Dar."

"Dar natoka mimi."

Wazazi wengine wakacheka. Sensei akanigeukia, akisubiri neno langu. Nilijua nikisema "nimekosea, samahani" mambo yangekwisha. Wangefeli, wangerudia mwaka ujao, na siri ingebaki. Nikamtazama mama. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu: usiseme. Kisha nikawatazama wale wasichana, walioanza kushusha mabega wakiona wamefanya baya wasilolijua. Wangefelishwa kwa ugonjwa wangu. Nikasimama.

"Hilo si kosa lao," nikasema. "Wala si mtindo mpya. Mkono wangu haupandi, ndiyo maana nashusha kichwa. Mguu wangu ulikufa ganzi, ndiyo maana nautazama. Halikuwa jipu. Nilikuwa na saratani ya titi, nimekatwa titi, nimepigwa dripu sita na mionzi. Waliyoyafanya hayo si karate. Ni ugonjwa wangu."

Mama akajifunika uso kwa kanga. Zaituni akanigeukia.

"Sensei," akasema, "ni ile ngumi yangu?"

Nilitoka mezani nikamshika mabega yote mawili. Nikamwambia hapana, nilimuuliza daktari hilo mara mbili, ngumi haileti kitu kile, na kama si kuikumbuka ile ngumi labda hata nisingejigusa. Alinilalia begani akalia, na mimi nilijisikia mwepesi kiasi cha kuona aibu. Mzigo ule nilikuwa nimeubeba mwaka mzima na nusu. Kutoka kwenye benchi la wazazi nikasikia sauti ya yule jirani yangu wa mlango wa pili: "Lo! Kumbe lile piko!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Hakuna aliyeinuka kumchukua binti yake.

Sensei Shomari alisubiri tumalize. Kisha akawaambia wasichana warudi mwanzo, wafanye kata kamili. Walianza vizuri, lakini kwenye kinga ya pili mikono ikasita usawa wa nyusi. Nilielewa mara moja. Kwao kuinua mkono juu kuliko wa mwalimu ilikuwa utovu wa adabu.

"Juu!" nikapiga kelele. "Juu kuliko wangu! Nani kawaambia mnihurumie?"

Ikapanda. Yote kumi na minne, juu ya paji, safi, na macho mbele wakati wa kugeuka. Niliona kinga niliyoifundisha bila kuweza kuifanya, na furaha niliyoipata pale sikuipata hata siku niliyovishwa mkanda mweusi. Wote walifaulu.

Nilidhani tumemaliza. Sensei akasogeza kiti chake nyuma. "Sasa wewe."

"Mimi sina mtihani, Sensei."

"Ingia katikati." Nikaingia. "Umeibadilisha kata. Unajua ulipobadilisha?"

"Najua. Sehemu tano."

"Zitaje."

Nikazitaja: msimamo mfupi, ngumi legevu, kichwa kinachoshuka, ukelele nusu, jicho kwenye mguu. Alinisikiliza amefumba macho, kama anaifanya mwilini mwake. Niliogopa kama msichana wa miaka kumi na mitano.

"Nne nazikubali," akasema. "Kichwa kushuka ni kinga nzuri, hata mimi na bega hili nitaichukua. Ya tano ganzi yake ipo?"

"Imepungua, Sensei. Bado kidogo vidoleni."

"Basi ya tano si mabadiliko. Ni woga. Anza."

Nikainama, nikaanza. Wasichana walikuwa wamepiga magoti ukutani. Kinga ya chini, ngumi, geuka, ngumi. Mahali pale pa kugeuka kwepesi sikuhangaika. Kisha nikaenda mbele: mkono wa kulia juu, wa kushoto kwenye nyusi, kichwa chini, wa kulia juu, na ukelele wangu nusu. Sasa ilibidi nigeuke robo tatu ya duara, na shingo tayari ilikuwa inainama yenyewe kutafuta mguu.

"Usitazame!" Sauti ya mzee ilitikisa mabati. "Mguu upo!"

Sikutazama. Nikauzungusha mguu wa kushoto kwenye hewa nisiyoijua, nikaushusha, na sakafu ya sementi, baridi ya asubuhi, ikaja yote chini ya wayo wangu. Nikakinga, nikapiga, nikaendelea.